Goniopora: Tumbawe Linalokufa Huku Likichanua

Miongoni mwa matumbawe magumu, yaani yale yanayojijengea kiunzi cha chokaa, ni machache yaliyowasumbua wafugaji wa nyumbani kama Goniopora, kwa kuwa vijinyama vyake, ambavyo wataalamu huviita polipu, hurefuka na kuchanua mchana kutwa mithili ya shada la maua, na mnunuzi huridhika kwamba kiumbe huyo ni mzima, ilhali miezi kadhaa baadaye nyama huanza kusinyaa na kubaki jiwe tupu.

Kabla ya kuhangaikia maji na taa, mfugaji hana budi kujua anafuga nini. Goniopora hufanana sana na Alveopora, na zamani jenasi hizo mbili ziliwekwa katika familia moja ya Poritidae, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipoihamishia Alveopora katika Acroporidae. Hata hivyo, kuzitenganisha si kazi ya maabara: anayehesabu minyiri inayozunguka kinywa cha polipu moja ataikuta 24 kwa Goniopora na 12 kwa Alveopora. Kutambua spishi ndani ya Goniopora ni shughuli nyingine kabisa, maana alama zake zimo katika vijiukuta vya kiunzi vilivyofunikwa na nyama; ndiyo maana jina la spishi linaloandikwa dukani lafaa kupokewa kwa shaka.

Maelezo ya vifo hivyo yanayoridhisha zaidi ni njaa. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja, uitwao zuzantela, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Lakini sukari humpa nguvu tu, haimpi nitrojeni ya kutosha kukuzia mwili, hivyo katika tangi lililochujwa mpaka nitrati na fosfati zikakaribia sifuri, Goniopora hula akiba yake mwenyewe bila kuonyesha dalili. Dawa yake ni chakula cha chembe ndogo sana, kama rotifa au unga laini wa planktoni, kinachotolewa mara kwa mara huku pampu zikipunguzwa kasi kwa dakika chache.

Kiunzi nacho kina mahitaji yake. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida huwa na takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ya digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani. Tumbawe likitwaa miligramu 20 za kalsiamu kutoka kila lita, upungufu ambao vipimo vya nyumbani huenda visiugundue, alkalini huwa imeshuka kwa digrii 2.8, yaani sehemu mbili kwa tano za akiba yote. Kwa hiyo alkalini ndiyo ya kupimwa mara nyingi zaidi.

Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mipaka ya nchi huhitaji kibali. Palipo na uchaguzi, kipande kilichokuzwa tangini hustahimili kuliko kilichong'olewa mwambani. Ukizuka ute wa kahawia juu ya nyama, ufyonzwe kwa mpira, sehemu iliyooza ikatwe, na kipande kilichosalia kitengwe katika chombo kingine siku hiyohiyo, kwani ute huo huweza kumaliza koloni nzima kwa siku chache.