Kabla hujaitia pikapu yako injini ya dizeli

Msomaji, kama kwenu kuna pikapu ya zamani, bila shaka waijua sauti yake hata ikiwa ingali mbali barabarani. Ndiyo iliyobeba saruji ya kujengea nyumba. Ndiyo iliyobeba masanduku ya watoto wakienda shule ya bweni, na pengine mboga zilizouzwa sokoni ndizo zilizolipa karo yenyewe. Bodi yake ingali ngumu na chesisi haijaliwa na kutu. Tatizo ni injini. Ile ya petroli imechoka, yatoa moshi wa buluu, na yanywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani.

Jioni moja baba anarudi nyumbani na wazo. "Tutoe hii ya petroli, tutie dizeli." Mama anauliza itagharimu pesa ngapi. Kijana wa kidato cha nne anauliza kama gari litakimbia zaidi. Kabla chai haijapoa, kila mtu amekwisha kumtaja fundi anayemfahamu.

Wazo hilo si baya. Wengi wamelifuata na pikapu zao zingali zinawaletea riziki. Lakini wako pia waliojuta, na mmoja wao ni jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa akichukua kabeji Kinangop na kuzileta Nairobi.

Mzee huyo alipata fundi wa bei nafuu. Kwa siku mbili tu injini ya petroli ilikuwa nje na ya dizeli ndani. Iliwaka kwa mara ya kwanza ilipopigwa stata. "Mzee, hapa hakuna shida tena. Wewe endesha tu," fundi akamwambia huku akipangusa mikono. Safari ya kwanza na mzigo, alipoanza kuteremka kutoka Flyover, mzee alikanyaga breki na kukuta pedali ni ngumu kama jiwe. Aliikanyaga kwa miguu miwili, akashusha gia, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama baada ya kugonga ukingo wa barabara. Kabeji zilitapakaa kote. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeumia.

Breki za gari hilo hazikuwa zimeharibika. Kilichokosekana nitakueleza hapo chini, maana ndicho kiini cha makala haya. Injini unayoinunua ni sehemu moja tu ya kazi.

Hesabu kwanza

Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, chukua kalamu na karatasi. Jiulize: pikapu yetu huenda kilomita ngapi kwa mwezi?

Tuchukue mfano. Tuseme gari la petroli linakwenda kilomita 8 kwa lita, na likitiwa dizeli litakwenda 11. Tuseme petroli ni Sh180 na dizeli Sh170. Bei halisi utazisoma katika tangazo la kila mwezi la Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, nawe uziweke mahali pa hizi zangu.

Anayekwenda kilomita 2,000 kwa mwezi atatumia Sh45,000 kwa petroli na kama Sh31,000 kwa dizeli. Ataokoa takriban Sh14,000. Ikiwa kazi yote imemgharimu Sh250,000, pesa zake zitarudi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu.

Lakini anayekwenda kilomita 500 tu, yaani kanisani Jumapili na mashambani mwisho wa mwezi, ataokoa Sh3,500 hivi. Pesa zake zitachukua karibu miaka sita kurudi. Huyo heri aifanyie ukarabati injini yake ya petroli, abadilishe ringi na kusafisha kabureta, kisha aendelee na maisha yake.

Kwa nini dizeli ni tofauti

Mwanafunzi, hapa pana somo la fizikia. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli haina cheche. Huivuta hewa ndani ya silinda na kuibana mpaka inakuwa moto sana, kisha nozeli hupuliza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Injini nyingi za zamani za petroli huibana hewa mara 8 au 9. Dizeli za Toyota za aina ya 2L na 3L huibana takriban mara 22.

Kubana huko kwahitaji chuma kizito. Ndiyo maana injini ya dizeli huwa nzito kuliko ya petroli ya ukubwa uleule, na springi za mbele za pikapu yako lazima zikaguliwe. Pia haizunguki kwa kasi kama ya petroli. Nguvu zake huja mapema, injini ikiwa bado yazunguka polepole, jambo linalofaa sana kwa gari lenye mzigo mlimani. Anayetaka mbio hatazipata hapa.

Ipi ya kuchagua?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mmoja husikia kwamba injini ya lori inauzwa bei ya kutupa. Mwingine huona injini kubwa yenye taabo na kutamani nguvu zake. Ushauri wangu ni mmoja: tafuta injini ambayo kiwanda chenyewe kiliitia katika pikapu ndugu ya hiyo yako.

Chukua Hilux, ambayo ni maarufu sana hapa kwetu. Tazama herufi za kwanza za modeli kwenye kibati cha gari. Ikiwa ni RN au YN, gari hilo lilizaliwa na injini ya petroli ya jamii ya R au Y. Ikiwa ni LN, lilizaliwa na dizeli ya jamii ya L. Bodi ni ileile na chesisi karibu ni ileile. Kwa hivyo maunti za injini, giaboksi, rejeta, paipu za ekzosi na hata waya za dizeli vilikwisha kutengenezwa na kiwanda. Fundi hatalazimika kukata wala kuchomelea kwa kubahatisha.

Katika jamii hiyo ya L kuna 2L yenye cc 2446, 3L yenye cc 2779 na 5L yenye cc 2986. Kwa familia yenye kazi ya kawaida, 3L ni chaguo la busara. Nguvu zake ni za farasi takriban 90, haina taabo, na pampu yake ya mafuta haihitaji kompyuta. Mafundi wengi wanaifahamu, na vipuri vyake si vigumu kupata.

Jihadhari na majina yanayofanana. Toyota huongeza herufi T kwa injini yenye taabo na E kwa ile ambayo mafuta yake yanaongozwa kwa umeme. Kwa hiyo 2L-TE si 2L ya kawaida. Injini za 2L zenye taabo zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikipata joto kupita kiasi. Nayo 1KZ-TE ya cc 2982 ina nguvu nzuri, lakini yahitaji kompyuta yake, waya zake zote na rejeta isiyo na mchezo.

Mwenye Nissan ya mtindo wa D21 ana TD27 ya cc 2663, injini ngumu inayotumia gia badala ya mkanda wa taimingi. Mwenye Isuzu ya TFR ana 4JA1 ya cc 2499. Hata Peugeot 504, ile iliyobeba abiria wengi wa matatu miaka ya nyuma, ilikuwa na dizeli yake ya cc 2304, ingawa siku hizi kuipata ikiwa nzima ni kazi.

Vitu vinavyosahauliwa

Sasa turudi kwa yule mzee wa kabeji. Gari lina kifaa kinachoitwa busta, kinachosaidia mguu wako kukanyaga breki. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Katika injini ya petroli mvuto huo hupatikana bure, kwa kuwa injini yenyewe huvuta hewa kupitia mlango mwembamba wa kabureta. Injini za dizeli za aina hii hazina mlango wa kuibania hewa, kwa hivyo mvuto huo haupo. Lazima pawe na pampu ya vakyumu, ambayo katika dizeli za Toyota za jamii ya L hukaa nyuma ya altaneta.

Fundi wa mzee alikuwa ameirudisha altaneta ya petroli kwa sababu ilikuwa mpya. Ilichaji betri vizuri sana, lakini haikuwa na pampu, na busta ikabaki pambo tu. Basi wewe ukienda kuchukua gari lako, kanyaga breki injini ikiwa imezimwa, mara nne au tano, mpaka pedali iwe ngumu. Shikilia mguu wako hapo, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usiondoke gereji.

Kuna na mengine. Tangi la petroli lazima lioshwe kabisa. Dizeli yahitaji paipu ya pili ya kurudisha mafuta tangini, na filta yenye chombo cha kutenganisha maji. Hita plagi, zinazopasha moto silinda asubuhi ya baridi, ziwe na rilei yake. Betri iwe kubwa zaidi, maana stata ya dizeli huvuta umeme mwingi. Pia uliza kama stata na altaneta ni za volti 12, kwa kuwa injini nyingine zilizotoka kwenye malori ni za volti 24.

Mwisho kuna giaboksi na difu. Inunue injini pamoja na giaboksi yake. Kisha mwombe fundi alinganishe uwiano wa difu yako na wa pikapu ya dizeli ya aina hiyo. Difu isiyofaa itaifanya injini ilie barabara kuu hata kwa mwendo wa wastani, na ile akiba uliyoihesabu kwenye karatasi itaishia njiani.

Siku ya kununua

Injini nyingi zinazouzwa Nairobi, kuanzia Grogan hadi maduka ya viungani, zimetoka Japani zikiwa zimetumika. Usinunue kwa macho. Taka iwashwe ikiwa baridi. Ukiigusa na kuikuta na joto kabla hujafika, jua umeandaliwa. Moshi mweupe usiokoma waweza kuonyesha kwamba silinda hazibani vizuri au hita plagi zimekufa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi ni nozeli au pampu.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Pumzi nyingi ikitoka hapo, ringi zimekwisha. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha mlipe fundi apime mbano wa kila silinda. Silinda zote zikaribiane; moja ikiwa chini sana, aga na uende zako.

Injini za jamii ya L hutumia mkanda wa taimingi, na kiwanda kilipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa kuwa hujui historia yake, badilisha mkanda huo kabla injini haijaingia ndani ya gari. Ukikatika, vali hugonga pistoni na hasara huwa kubwa. Badilisha pia pampu ya maji na sili ya nyuma wakati ungali unafikika.

Na ukishaanza safari, nunua mafuta mahali unapopaamini. Pampu ya dizeli ya aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huiua polepole. Mchezo huo uliwahi kuenea mno hivi kwamba mwaka wa 2018 serikali ilitoza mafuta taa ada ya Sh18 kwa lita ili kuwavunja moyo wachanganyaji.

Karatasi ni sehemu ya injini

Nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha usajili wa gari, ile logibuku uliyoificha kabatini. Ukibadilisha injini, nambari hiyo haiambatani tena na gari lako, na hata aina ya mafuta imebadilika. Lazima uijulishe Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, gari likaguliwe na rekodi zirekebishwe. Ijulishe pia kampuni yako ya bima, kwa maandishi.

Kwa hivyo dai risiti yenye nambari ya injini, na uisome nambari hiyo kwenye chuma chenyewe. Ikiwa imekwaruzwa au kusagwa, usiinunue hata kwa bei ya sufuria. Injini ya wizi haina urafiki, na siku ya kuuza gari au kudai fidia ndiyo siku utakayoulizwa.

Yule mzee wa kabeji angali na pikapu yake. Alitafuta altaneta yenye pampu, akaifunga, na breki zikarudi zilivyokuwa. Alipokwenda kuichukua gereji ya pili, fundi alimwambia asubiri kidogo anywe chai. Mzee alikataa chai. Aliingia garini injini ikiwa imezimwa, akakanyaga breki mara tano, akashikilia mguu palepale na kuwasha. Pedali ikashuka. Ndipo akatoa pesa mfukoni.

Nawe, msomaji, fanya vivyo hivyo.