Mongbwalu ndani ya mafaili ya mahakama ya Bunia

Wenzangu, wengi wetu tulisoma Nuremberg kwa kozi ya historia. Pale Ujerumani, kati ya Novemba 1945 na Oktoba 1946, wakubwa wa Hitler walihukumiwa, na mpaka leo watu wanatoka mbali na kulipa ili waone sale 600. Lakini ni wangapi wamepita mbele ya mahakama ya kijeshi ya Bunia wakijua kilichofanyika mule?

Mwezi uliopita, nikiwa Bunia kwa kazi ya mbegu, niliingia. Hulipi kitu. Vikao ni vya watu wote: unavua kofia, unazima simu, unakaa kwenye benchi. Watu walikuwa wengi, sababu utawala wa kijeshi wa 2021 ulipeleka hata kesi za raia kwa majaji wanajeshi.

Sasa nieleze kwa nini pahali hapo ni pa maana. Congo iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002. Novemba ya mwaka ule ule tukapata sheria mpya ya jinai ya kijeshi. Inataja uhalifu wa vita, lakini ilisahau kuandika adhabu yake! Jaji afanye nini? Machi 2006, majaji wa Bunia walikuwa na kapiteni wa FARDC mbele yao. Vijana watano walibebeshwa vitu vya kupora, kisha wakauawa. Majaji wakachukua Mkataba wa Roma wenyewe, maana Katiba yetu inasema mkataba uliokubaliwa vizuri unapita sheria za nchi. Wakampa kifungo cha maisha, wala si kifo, sababu Roma haina kifo. Bunia ikawa kati ya mahakama za kwanza nchini kufanya hivyo, na wakati ule CPI ilikuwa haijahukumu mtu hata mmoja.

Kisha ikaja zamu ya Mongbwalu. Mei 2003 waangalizi wawili wa MONUC, mmoja wa Malawi na mmoja wa Jordan, waliuawa kwetu. Februari 2007 mahakama ya Bunia iliwahukumu wanamgambo wa FNI kwa mauaji yale, kama uhalifu wa vita.

Upande mwingine wa vita ulihukumiwa mbali. Bosco Ntaganda, mkubwa wa jeshi la UPC lililoingia Mongbwalu Novemba 2002, alipatikana na hatia La Haye tarehe 8 Julai 2019 kwa makosa 18, akapewa miaka 30. Mimi nilisoma sehemu ya hukumu ile kwenye simu, na kitu kilichonishika ni maneno matatu ya Kiswahili katikati ya maandishi ya kigeni: « kupiga na kuchaji ». Majaji walieleza kwamba askari walielewa amri hiyo hivi: kushambulia Walendu wote, raia pia, na kupora mali yao. Mtu wa Mongbwalu haombi mkalimani kwa neno kama hilo. Wazee wetu wakilisikia, wananyamaza.

Na kikao kingeweza kuwa karibu. Mwaka 2015 majaji wa kesi walipendekeza ufunguzi ufanyike Bunia. Uongozi wa CPI ukakataa, ukitazama usalama na gharama. Usalama naukubali, hatari ilikuwepo kweli. Gharama, hapana. Wahanga zaidi ya 2,000 walishiriki katika kesi ile, na wengi hawajawahi kuona chumba chochote cha mahakama.

Tangu 2013 sheria inaruhusu Cour d'appel, mahakama ya kiraia, kusikiliza kesi za aina hii. Wenzetu wa droit, hiyo ni kazi yenu.

Yangu ni mashamba. Kwa Ntaganda, CPI iliamua malipo ya wahanga, na 2023 ikayafikisha dola milioni 31.3. Yeye hana kitu, kwa hiyo mfuko wa wahanga ndio unatafuta pesa. Ng'ombe walioporwa 2002 wangekuwa na vitukuu leo. Nikipima shamba, watu wananiuliza habari za malipo kuliko habari za mbolea. Mama mmoja alitaka kujua kama La Haye iko upande wa Kampala ao wa Kinshasa. Nilipomwambia ni Ulaya, aliuliza: « Sasa shamba langu walilionea wapi? »