Wauza Mafuta Wakigombana, Bei Hufanyaje?



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini ugomvi wa nchi zenye mafuta mara huishusha bei na mara huipandisha. Suali hili ni la haki, kwani nauli ya gari inayochukua karafuu zetu shamba, na ya chombo kinachozivusha bahari, zote zimo ndani yake. (Mafuta tunayoyasema hapa ni ya ardhini, si ya makonyo.)

Mwezi wa Septemba 1960 nchi tano, yaani Saudia, Iraki, Iran, Kuwait na Venezuela, zilikutana Baghdad zikaunda jumuiya yao iitwayo OPEC. Tangu 1982 wanachama wake walianza kugawiana mafungu, kila nchi itoe mapipa mangapi kwa siku. Mapipa yakipungua sokoni bei hupanda, yakizidi hushuka. Hilo mwenye mikarafuu hahitaji kufundishwa. Tabu ni kuwa bei ikisha kupanda, kila mmoja hutamani kuuza zaidi ya fungu lake kwa siri, akitaraji wenziwe ndio watakaojizuia.

Miaka ile aliyejizuia ni Saudia. Mwaka 1980 ilitoa kiasi cha mapipa milioni 10 kwa siku. Katikati ya 1985 hayakufika milioni 3. Wenziwe walikuwa wakizidisha mafungu na kupunguza bei chini kwa chini, na Uingereza na Norwei, zisizokuwamo katika jumuiya, zikichimba katika Bahari ya Kaskazini bila ya kumuuliza mtu. Saudia ikaona yapoteza fedha na wanunuzi kwa pamoja. Mwisho wa 1985 ikafungulia. Pipa lililokuwa karibu dola 30 likashuka mpaka karibu dola 10 katikati ya 1986. Waziri wake wa mafuta, Sheikh Ahmed Zaki Yamani, aliondolewa kazini mwezi wa Oktoba mwaka huo, ingawa kwa maoni yetu waliovunja ahadi kwanza walikuwa wengine.

Ugomvi wa 1990 ulianza vivyo hivyo ukaishia kinyume. Iraki, iliyotoka vitani na Iran ikiwa na madeni mengi, ilizishtaki Kuwait na Falme za Kiarabu kwamba zatoa mafuta kupita mafungu yao na kuiharibia bei. Tarehe 2 Agosti majeshi yake yakaingia Kuwait. Umoja wa Mataifa ukakataza kununua mafuta ya nchi zote mbili, na mapipa kama milioni 4 kwa siku yakatoweka sokoni. Kufika Oktoba pipa lilipita dola 40.

Hapo ndipo penye jawabu. Ugomvi unaowafanya wauzaji wafungulie visima huteremsha bei, na ule unaofunga visima huipandisha. Hofu nayo ina kazi yake: wafanya biashara hununua leo kwa kuogopa ya kesho, na bei hupanda kabla pipa moja halijapungua.

Machi 2020, mkutanoni Vienna, Urusi, ambayo si mwanachama lakini ilikuwa ikishirikiana na jumuiya, ilikataa kupunguza zaidi. Saudia ikakasirika, ikateremsha bei yake na kutangaza kuwa itatoa mapipa zaidi ya milioni 12 kwa siku. Tarehe 9 Machi bei ilianguka kiasi cha robo kwa siku moja, na maradhi ya korona yalikwisha kuzuia safari za watu. Walipatana Aprili, lakini maghala yalikuwa yakijaa. Tarehe 20 Aprili mafuta ya Marekani ya kupokelewa Mei yaliuzwa chini ya sifuri, yaani mwenye nayo alimlipa mtu ayachukue!

Mnauliza mbona hapa hatukulipwa. Mafuta hayatufikii kwa bei ya kisimani. Husafishwa, hupakiwa, hukatiwa bima na kulipiwa ushuru, na aghlabu yamenunuliwa kwa dola wiki kadhaa nyuma. Pipa likianguka nusu, lita haianguki nusu. Kwa hiyo mwenye gari akikwambieni hawezi kupunguza nauli siku ile ile khabari iliyotoka redioni, huenda asiwe anakudanganyeni. Akisema hivyo baada ya miezi mitatu, muulizeni vizuri.