Wavu Mmoja, Ziwa Moja, Samaki Wengi
Arua na Koboko ziko mbali na bahari. Samaki wanaoliwa huko hutoka katika Mto Nile penye Rhino Camp, na katika Ziwa Albert penye Panyimur. Mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hawezi kutegemea samaki wa aina moja. Sangara humvua kwa ndoana zenye chambo, zilizofungwa katika kamba ndefu. Angara na ngege kwa nyavu za kutega. Muziri, aliye mdogo kama dagaa, huvuliwa usiku, mbali na ufuko, kwa mwanga wa taa. Nao wavu wake hauna budi kuwa na macho madogo sana.

Hapo ndipo penye utata kwa askari, ambao mwaka 2017 waliingizwa rasmi katika ulinzi wa maziwa ya Uganda. Wavu uo huo ukikokotwa ufukoni huzoa sangara na ngege wachanga, na huo ni uharibifu dhahiri. Lakini kuuchoma kila wavu wa macho madogo ni kumnyima mvuvi wa muziri riziki yake, na walaji wa Koboko kitoweo chao cha bei nafuu. Yafaa askari autazame wavu, kisha aulize umetumiwa wapi na saa ngapi.