Mbuzi wa Udh-hiya Asiwe Mlango wa Maradhi

KILA inapokaribia Idd el-Hajj, mbuzi huanza kumiminika jijini Mwanza. Hushushwa kutoka katika magari ya Magu, Misungwi na Kwimba. Wengine huvushwa kutoka Sengerema. Kwa siku chache wanyama waliotoka mazizi mbalimbali hufungwa pamoja, hunywa ndoo moja na kula majani ya furushi moja. Sisi tunaosimamia ibada hii hutazama umri wa mnyama, afya ya macho na miguu yake, kisha bei. Ni wachache wanaouliza ametoka kijiji gani na amechanjwa lini.

Kamati ya msikiti wetu ilijifunza swali hilo kwa hasara, tena hasara ya mtu mwingine. Mwaka mmoja tulinunua mbuzi katika minada mitatu, tukawaweka pamoja nyuma ya msikiti kwa siku nne. Baada ya kuchinja walibaki majike wawili, kwa kuwa walioagiza hawakukamilisha malipo. Tukaona ni kheri tumpe mama mmoja mjane anayelea mayatima, aliyekuwa na mbuzi wake kumi na mmoja.

Haikupita wiki, majike wale wakaanza kutokwa na kamasi na machozi mazito, vinywa vikaota vidonda, kisha wakaharisha. Mbuzi wa mama yule wakafuata. Afisa mifugo alipofika alisema dalili zile ni za sotoka ya mbuzi na kondoo. Kufikia mwisho wa mwezi zizi lilikuwa limebakiwa na mbuzi watatu. Nikiwa katibu, nilifungua daftari langu la manunuzi. Lilikuwa na bei ya kila mbuzi. Halikuwa na jina la kijiji hata kimoja.

Sotoka ya mbuzi na kondoo husababishwa na kirusi kilicho katika ukoo mmoja na kirusi cha surua kwa binadamu, na kile cha sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hakimuambukizi binadamu. Huenea kwa pumzi, kamasi na kinyesi cha mnyama mgonjwa anapokaribiana na mzima. Katika kundi lisilo na kinga huweza kuua wengi kuliko wanaopona.

Nchini kwetu ugonjwa huu ulithibitishwa mwaka 2008 katika wilaya za kaskazini. Hadi kufikia 2010 ulikuwa umeonekana Tandahimba na Newala, kusini kabisa mwa nchi. Watafiti waliofuatilia safari yake waliihusisha na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kirusi hicho hakidumu muda mrefu nje ya mwili wa mnyama; sisi ndio tunaokisafirisha, kwa gari na kwa kamba.

Uislamu haukutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Wapo wanaoshika hadithi nyingine inayokanusha maambukizi, wakasema kuwatenga wanyama ni upungufu wa imani. Imam Nawawi alieleza kwamba hadithi hizo hazipingani. Kinachokanushwa ni itikadi ya zama za ujahiliya kuwa maradhi huhama kwa nguvu yake yenyewe. Kinachoamrishwa ni kujiepusha na sababu ambazo, kwa qadari ya Allah, kwa kawaida huleta madhara.

Aidha, mnyama ambaye ugonjwa wake ni wa dhahiri hafai kwa udh-hiya. Lakini macho yetu pekee hayatoshi, kwani mbuzi aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa siku nne, tano au sita. Na muuzaji anayejua kuwa zizi lake lina ugonjwa, akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tununue kwa muuzaji mwenye kibali cha kusafirisha mifugo, na tuandike kijiji alikotoka kila mnyama. Pili, mbuzi anayekwenda kufugwa atengwe wiki tatu, awe na ndoo yake, na ahudumiwe mwisho baada ya wenyeji. Hili linawahusu pia wenye ng'ombe: mbuzi huweza kubeba ugonjwa wa miguu na midomo kwa dalili hafifu, akawaambukiza ng'ombe wanaolala naye zizi moja. Tatu, tuchanje. Dozi moja ya chanjo ya sotoka humkinga mbuzi kwa takriban miaka mitatu, na mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo za mifugo Bariadi, jirani zetu hapa. Nne, anayekufa azikwe katika shimo refu. Asitupwe ziwani wala asiachiwe mbwa.

Wachinjaji nao wajihadhari. Homa ya Bonde la Ufa, tofauti na sotoka, humpata binadamu kupitia mbu na kupitia damu ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua watu nchini mwetu. Mbuzi mwenye homa, au anayetoka katika kundi ambalo majike wanatupa mimba, asiguswe na kisu kabla afisa mifugo hajamwona.

Mama yule hakutudai. Alisema ni qadari ya Allah, na alisema kweli. Lakini qadari haikutufutia dhamana: wanakamati tulichanga, tukamnunulia mbuzi wanane waliochanjwa, wakakaa kwanza wiki tatu katika banda la peke yao. Daftari la kamati sasa lina safu mbili mpya: kijiji na tarehe ya chanjo. Tunaomba kila msikiti ufungue safu hizo kabla ya Dhulhijja.

Wabillahi tawfiq.