MUZIKI WA KUTELEZEA BARAFUNI: TUUCHAGUE VIPI?

Mpenzi msomaji, najua utaanza kwa kucheka. Barafu na Silanga, wapi na wapi? Barafu tuijuayo huku ni ile ya rangi, unainunua dukani na kuifyonza ukielekea nyumbani jua likikuchoma utosi. Lakini hebu tulia nikueleze. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, iliyoko barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu, na hapo vijana wa Nairobi wakaanza kujifunza kuteleza. Baadaye ikazaliwa hata timu ya hoki ya barafuni, Ice Lions. Wasio na nauli wala kiingilio wapo na viatu vyao vya magurudumu kwenye lami. Isitoshe, hapa shuleni tunavyo vikundi vya densi vinavyojiandaa kwa tamasha. Wote hawa wana swali moja: tucheze na muziki gani? Mchezo wa barafuni umelijibu swali hilo kwa miaka mingi, hasa kwa kutumia muziki wa klasiki, yaani ule wa akina Beethoven na Chopin. Tujifunze kwao.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli. Huingia uwanjani peke yake au na mwenzake, akateleza, akaruka na kuzunguka kama pia, huku muziki ukilia na waamuzi wakimtazama. Katika mashindano makubwa huingia mara mbili. Kwa wakubwa wachezao mmoja mmoja, programu fupi ni ya dakika 2 na sekunde 40, na ile ndefu, tangu msimu wa 2018/19, ni ya dakika 4. Kuzidisha au kupunguza ni sekunde 10 tu.

Kwa nini klasiki? Sababu moja ni kanuni. Hadi mwaka 2014, wachezaji wa peke yao hawakuruhusiwa kutumia nyimbo zenye maneno. Ilibidi ala zenyewe ziseme. Sasa maneno yanaruhusiwa, lakini klasiki haijaondoka, maana ina kitu ambacho miguu inakipenda. Kitu gani hicho? Fuatana nami.

Kwanza, tazama saa

Wengi huchagua muziki kwa sifa: "Huu ni maarufu, tuuchukue!" Haya, umeuchukua. Una dakika ngapi? Waliowahi kufika kwenye tamasha wanajua saa ya mwamuzi haina huruma.

Mwaka 1984 mjini Sarajevo, Waingereza wawili, Jayne Torvill na Christopher Dean, waliuchagua muziki wa Boléro, alioutunga Maurice Ravel mwaka 1928. Muziki huo huchukua kama dakika 15. Ngoma ndogo hupiga mdundo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti hupanda polepole mpaka ikafura. Ukiufupisha mno, kule kupanda kunapotea. Walipunguza wee, wakakwama kwenye dakika 4 na sekunde 28, hali kanuni iliwapa dakika 4 na sekunde 10. Wakafanyaje? Saa ilikuwa ikianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza. Basi wakaanza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumba kwa mikono na viwiliwili kwa sekunde 18, ndipo wakainuka. Waamuzi wote tisa waliwapa alama kamili, 6.0, kwa upande wa usanii, na dhahabu wakaichukua. Walijua sehemu ambayo muziki wao hauwezi kuishi bila, wakailinda.

Pili, tafuta milima na mabonde

Mchezaji ana mapafu kama wewe. Hawezi kuruka dakika nne mfululizo. Kwa hiyo muziki unaofaa una mahali pa kuanza taratibu, mahali pa kupanda, mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kumalizia kwa kishindo. Muziki uliosawazika mwanzo hadi mwisho, hata uwe mtamu kama asali, unamwacha mchezaji bila ngazi ya kupandia.

Mfano mzuri ni Mjapani Yuzuru Hanyu, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na 2018. Katika programu fupi ya mwaka 2018 alitumia Balada ya Kwanza ya Chopin, kipande cha piano peke yake, chenye urefu wa zaidi ya dakika 8. Alianza amesimama tuli piano ikinong'ona, kisha ile sehemu ya mwisho yenye kasi ya ajabu ikabeba hatua zake za miguu. Yaani muziki ulipokuwa ukihema, naye alihema.

Tatu, usikate neno katikati

Hapa ndipo wengi huharibu. Ili kutoa dakika 4 kutoka dakika 15, lazima ukate. Lakini muziki una sentensi kama Kiswahili kilivyo na sentensi. Mtu akikuambia, "Mama amekwenda sokoni kununua..." kisha akaruka na kusema, "...alifika salama," utamwelewa? Basi hata sikio la mwamuzi hushtuka hivyo hivyo. Kata pale sauti inapotua. Unganisha vipande vinavyofanana kwa mwendo na kwa sauti. Kama unataka kutoka taratibu kwenda kasi, acha kimya kidogo katikati, kisha ingia na pigo lenye nguvu. Na usichanganye vipande vitano ndani ya dakika nne. Mbili ni nyingi, tatu ni soko.

Nne, uvae mwili wako

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Muziki nao ni nguo. Mwaka 1988 mjini Calgary, Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki na Debi Thomas wa Marekani waliingia wote wawili na Carmen, opera ya Georges Bizet ya mwaka 1875 kuhusu mwanamke asiyetaka kutawaliwa na mwanamume, mpaka akauawa. Muziki mmoja, wachezaji wawili! Witt aliisimulia hadithi hadi kifo, akamalizia amelala juu ya barafu. Thomas alitaka Carmen wake awe hai. Alipokosea kutua mwanzoni, mambo yakamwendea mrama akawa wa tatu, Witt wa kwanza. Hata hivyo, Thomas alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki za majira ya baridi. Hapo tunaona kwamba muziki hauna maana moja tu. Pia tunaona kwamba muziki mzuri hauwezi kukurukia. Kuruka ni kwako.

Naye Surya Bonaly wa Ufaransa, dada mweusi mwenye nguvu za ajabu miguuni, mwaka 1998 alichagua fidla za Vivaldi zinazokimbia kama mvua ya mabati. Zilimfaa. Humo ndani alipiga sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, jambo lililokuwa limekatazwa siku hizo. Hakupata medali, lakini hadi leo anatajwa. Fikiria angechagua wimbo wa kubembelezea mtoto!

Tano, pima spika

Muziki unaosikika vizuri kwenye simu, umeubana sikioni, unaweza kupotea kabisa uwanjani. Uwanja wa barafu huvuma, na spika hukoroma. Sisi wa Silanga tuna bahati hapa. Weka muziki wako dirishani, kisha simama nje kwa mbali, hapa mashine ya kusaga inanguruma, kule spika ya kanisa. Ukiusikia bado ukajua uko wapi, umefaulu. Sehemu ikimezwa, jua hapo mchezaji atabaki anacheza na kimya.

Sita, heshimu jasho la mtu

Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya mtunzi hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Vivaldi alifariki mwaka 1741, Chopin 1849, Bizet 1875, Ravel 1937. Tungo zao basi ni mali ya wote. Lakini angalia! Okestra iliyorekodi juzi ina haki juu ya rekodi yake. Mwaka 2022 wachezaji wawili wa Marekani, Alexa Knierim na Brandon Frazier, walishtakiwa na wanamuziki waliodai kwamba muziki wao ulitumiwa bila idhini. Kwa hiyo omba ruhusa, tafuta rekodi iliyotolewa bure, au mpate mwenzenu anayepiga kinanda awarekodie.

Je, ni wetu au ni wao?

Hapa ndipo ubishi huwa mkali chamani. Wengine husema muziki huu ni wa wazungu. Wengine wanaukimbia kwa sababu wazee husimulia jinsi redio ya taifa ilivyoupiga kutwa nzima mwaka 1978, Mzee Jomo Kenyatta alipofariki. Kwao fidla ni habari ya msiba.

Mimi nasema hivi: kusikiliza hakuna pasipoti. Papa hapa Kibera, mwalimu Mike Wamaya amewafunza watoto baleti darasani, madawati yakiwa yamesukumwa kando. Kule Korogocho, vijana wa Ghetto Classics wanapiga fidla na tarumbeta za kweli. Torvill na Dean hawakuwa Wafaransa, lakini waliucheza muziki wa Ravel. Hanyu si Mpoland kama Chopin. Kama Mjapani ameweza kuingia ndani ya muziki huo akautoa umevaa sura yake, mtoto wa Silanga anazuiwa na nini? Na kama baada ya kusikiliza kote huko utaona nyatiti ndiyo inayokufaa, chukua nyatiti. Masharti ni yale yale: saa, milima na mabonde, mwili wako.

Basi jaribu wiki hii. Chagua kipande kimoja tu. Kisikilize mara ya kwanza umefumba macho. Mara ya pili, shika saa uandike sekunde ambazo sauti inapanda na inapotua. Mara ya tatu, tembea nacho kwenye uwanja wa shule, uone miguu yako inataka kwenda wapi. Ikikataa kwenda, badilisha. Usibishane na miguu.

Barafu inahitaji pesa, hilo sikatai. Lakini sikio na saa tunavyo, na kazi ya kuchagua huanzia hapo.

Kiswahili kitukuzwe!