Aljebra ya grupu, saa ya mama na shamba la maharagi

Wiki jana mdogo wangu alinipigia simu toka Beni. Anasoma matematiki, mwaka wa kwanza, na amebakiza kozi moja kwa sesyo ya pili: aljebra. Akaniambia: "Yaya, mimi nataka kubadilisha, niende ku mambo ya biashara. Hii kozi haina hata hesabu moja, ni herufi tu. Tena masomo yalisimama mara mbili juu ya usalama, silabusi hatukuimaliza." Minervali yake papa aliilipa na kahawa ya mwaka muzima. Kumwambia "jikaze tu" niliona ni aibu. Nikamwomba siku mbili.

Mimi ni mtu wa agronomia, lisanse yangu ni ya udongo na mimea. Lakini ile kozi niliikuta tena bila kuitafuta, ndani ya shamba. Haya ndiyo nilimwandikia, nayaweka hapa kwa wengine wenye kuwa na kilio kile kile.

Tuanze na saa. Radio inasema ni 7h, mama anasema ni saa moja. Radio inasema 20h, mama anasema saa mbili ya usiku. Hakuna mtu ku Butembo alifundishwa ile hesabu mu oditwari, lakini hata mtoto anaifanya: unaongeza 6, ukipita 12 unatoa 12. Moja na 6 ni 7. Sasa chukua ile 7, ongeza tena 6: ni 13, toa 12, umerudi kwa 1. Kwa hiyo kazi ile ile inakutoa ku saa ya mama mpaka ku saa ya radio, na inakurudisha. Hapo tayari uko ndani ya grupu.

Grupu ni fungu la vitu pamoja na njia moja ya kuviunganisha viwili viwili, yenye masharti manne. Kwanza, ukiunganisha vitu viwili vya fungu, jibu linabaki ndani ya fungu: saa na saa inatoa saa, haitoi kilo. Pili, kama vitu ni vitatu, hakuna shida uanze na viwili vya kwanza ao na viwili vya mwisho, bila kuvigeuza nafasi. Tatu, kuko kimoja chenye hakigeuzi kitu: ku saa ni 12, maana ukiongeza saa 12 sindano inarudi pale pale. Ine, kila kitu kiko na kinyume chake, mwenzake wa kukirudisha kwa ile 12: 5 na 7, 4 na 8, na 6 na yeye mwenyewe. Ni hayo tu. Hakuna sharti la tano.

Watu wengi wanaanguka ku sharti la pili, wanafikiri linasema unaweza kugeuza nafasi. Hapana. Tazama mtu wa chukudu. Anaweka gunia za viazi, kisha anafunga kamba. Jaribu kufunga kamba kwanza ndiyo uweke gunia, utaona zitaishia wapi ku mteremko. Nafasi iko na maana. Na wakati wa kushusha, anafungua nini kwanza? Kamba, ile ya mwisho. Ndiyo maana silabusi inaandika kwamba kinyume cha *a* kisha *b* ni kinyume cha *b* kisha kinyume cha *a*. Mdogo wangu alikuwa amekariri ile mstari miezi mitatu. Alivyosikia mambo ya chukudu, akacheka, akasema "njo vile tu?" Njo vile tu.

Sasa twende shambani, ndiyo pale mimi nilishtuka. Tuseme unataka kupima aina ine za maharagi, A, B, C na D, ku kilima. Udongo wa chini ya mteremko ni muzuri zaidi, juu mvua inashusha ule wa juu. Upande wa kushoto kuko kivuli cha mikaratusi, upande wa kuume jua. Ukipanda A yote chini, itashinda hata kama ni mbegu mbaya. (Mimi nilifanya lile kosa ku tepe yangu ya kwanza, na nilitetea majibu yangu kwa nguvu sana.) Dawa ni kugawa shamba vipande 16 hivi:

A B C D
B C D A
C D A B
D A B C

Kila aina inaonekana mara moja ku kila mstari na mara moja ku kila safu. Ku masomo wanaita mraba wa Kilatini. Ronald Fisher, aliyefanya kazi Rothamsted kule Uingereza, ndiye aliusambaza kwa watu wa kilimo; kitabu chake juu ya kupanga majaribio kilitoka 1935. Yeye alidai pia mistari na safu zichanganywe kwa bahati, usichague mwenyewe.

Lakini angalia tena ule mraba. Weka A kuwa 0, B kuwa 1, C kuwa 2, D kuwa 3, na uongeze kama ku saa, ila unarudi nyuma ukifika 4. Ni jedwali la kujumlisha! Shamba langu lilikuwa grupu, na hakuna mtu aliniambia.

Je, jedwali la grupu yoyote linatoa mraba kama huu? Ndiyo, na hapa ndipo uchukue bic, juu swali hili linapenda kutoka ku egzameni. Tuseme ku mstari wa *a*, kitu kimoja kinatokea mara mbili: *a* na *x* inatoa sawa na *a* na *y*. Unganisha kinyume cha *a* upande wa kushoto, pande zote mbili. Sharti la pili linakuruhusu kusogeza mabano, kinyume kinakutana na *a*. Sharti la ine linasema pale wanatoa kile chenye hakigeuzi kitu. Sharti la tatu linakifuta. Inabaki *x* ni sawa na *y*. Basi hakuna kitu kinarudia ndani ya mstari, na kama nafasi ni ine kwa vitu vine, vyote viko. Safu ni vile vile, ila kinyume unakiweka kuume. Ona vile kila sharti limefanya kazi yake moja. Ile kozi yote iko hivyo, kuuliza sharti gani limenipa ruhusa ya hatua hii. Mwenye hajiulizi anakariri, na anaanguka.

Kugeuza maneno haiwezekani: kuko miraba ya vitu 5 isiyotoka ku grupu yoyote, sharti la pili linakataa.

Neno dogo juu ya kwetu. Ule mfupa wa Ishango, uliochimbwa 1950 na Jean de Heinzelin pale Semliki inatoka ndani ya ziwa Édouard, sasa uko Brussels. Safu yake moja iko na alama 11, 13, 17 na 19. Wengine wanasema babu zetu walijua hesabu zisizogawanyika. Mimi siamini sana, alama ni alama. Lakini kwa kila moja ya zile hesabu ine, grupu ni ya aina moja tu, haijalishi majina. Kwa 4 siyo vile. Nikamtumia mdogo wangu jedwali hili la pili, nikamuuliza kama ni lile lile la kwanza lenye limevaa nguo ingine:

A B C D
B A D C
C D A B
D C B A

Alinyamaza mpaka usiku. Saa ine akaandika: "Yaya, hapana. Ku hili kila mmoja akijiunganisha na yeye mwenyewe anarudi A. Ku lile la kwanza, B na B inatoa C. Hata nikibadilisha majina yote, hazitafanana." Kisha akaongeza: "Na kwa vitu 6 ziko ngapi?"

Sikumjibu. Egzameni yake ni tarehe 12.